Klipu za biti 10 zinakwama kwenye Windows na mteja anataka ProRes 422 HQ: nifuate njia ipi?

MeziYaUhariri

Wakuu, naomba mwongozo wenu. Nahariri kwenye kompyuta ya Windows, na mradi nilio nao umerekodiwa kwa kamera inayotoa mafaili ya MOV. Katika programu ya kwanza klipu hizo zinatoa sauti lakini picha haionekani kabisa. Katika ya pili zinafunguka, ila nikirudi nyuma hata kidogo kwenye taimulaini, picha inaganda kisha inaruka. Kinachonishangaza ni kwamba ninayo mafaili mengine ya MOV, makubwa kuliko haya mara kadhaa, na yanacheza vizuri kwenye kompyuta hiyo hiyo. Juu ya hayo, mteja ameandika katika masharti yake kwamba kazi ya mwisho anaitaka kwa ProRes 422 HQ (kodeki ya Apple, yaani njia ya kubana na kufungua video), 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, nami nimekuwa nikisikia siku zote kwamba ProRes ni mambo ya Mac. Je, nisakinishe ule mkusanyo wa kodeki unaosambazwa mtandaoni pamoja na QuickTime ya zamani, au ipo njia safi zaidi?

FunduWaFremu

Usisakinishe chochote kati ya hivyo viwili. Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows mwaka 2016, huku ikiwa na kasoro za usalama ambazo hazikurekebishwa, na serikali ya Marekani yenyewe iliwashauri watumiaji waiondoe kwenye kompyuta zao. Mikusanyo ya kodeki nayo hutengenezwa kwa ajili ya programu za kutazamia video, ilhali programu kubwa za kuhariri za siku hizi huja na visimbuzi vyake zenyewe (sehemu za kufungua video iliyobanwa) na mara nyingi hazitazami kabisa kilichosakinishwa pembeni, kwa hiyo utaongeza vurugu kwenye Windows bila kupata picha unayoitafuta.

MOV ni kontena tu, yaani kasha la kubebea picha na sauti. Ndani yake inaweza kukaa H.264, H.265, ProRes, DNxHR au kodeki nyingine, na ndiyo sababu mafaili mawili yenye jina la mwisho linalofanana yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Fungua klipu moja kwa MediaInfo, ambayo ni programu ya bure, utazame mambo matatu: kodeki, mgawanyo wa rangi (4:2:0 au 4:2:2, ya pili ikihifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi) na kina cha biti (8 au 10, yaani wingi wa ngazi za kila rangi).

Nakisia utakuta H.264 au H.265 ya 4:2:2, biti 10. Kodeki hizi kwa kawaida hazihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Ni kama kitabu ambacho ukurasa mmoja umeandikwa wote, na kurasa nyingi zinazofuata zinasema tu kilichobadilika. Ukisonga mbele, kompyuta inaweza kumudu, lakini ukirudi fremu tatu nyuma inalazimika kuitafuta fremu kamili iliyotangulia na kuanza kujenga upya kutoka hapo. ProRes, DNxHR na CineForm huhifadhi kila fremu peke yake, kwa hiyo faili huwa kubwa na kazi ya kichakataji huwa nyepesi. Hapo ndipo lilipo jibu la mshangao wako kuhusu mafaili makubwa yanayocheza vizuri.

Njia ninayoiamini ni kubadili klipu zote ziwe DNxHR kabla ya kuanza kuhariri. Kwa FFmpeg, programu ya bure ya kubadili video kwa amri za kuandika, amri yenyewe ni hii:

`ffmpeg -i klipu.mov -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hqx -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s24le klipu_dnx.mov`

Angalia sana hiyo herufi x mwishoni mwa hqx. DNxHR HQ, isiyo na x, ni ya biti 8, na wahariri wengi huichagua wakidhani jina linawahakikishia ubora wa juu, kisha wanashangaa anga linapoonyesha michirizi wakati wa kusahihisha rangi. Mafaili asilia usiyafute.

RangiKwanza

Naungana na mwenzangu kuhusu QuickTime, lakini nisingekimbilia kubadili saa nyingi za picha kabla ya kujua kompyuta ina nini ndani. Ikiwa klipu ni H.265 ya 4:2:2 biti 10, vichakataji vya Intel vya kizazi cha 11 na kuendelea vyenye kadi ya picha ya ndani vinaweza kuisimbua kwa maunzi (yaani kwa saketi maalumu ya kazi hiyo), mradi programu imeruhusiwa kuitumia. Kadi za Nvidia za kabla ya RTX 50 hazisimbui 4:2:2 kwa maunzi, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kadi ya gharama kubwa na bado akakwama. Ikiwa ni H.264 ya 4:2:2 biti 10, mzigo karibu wote unakiangukia kichakataji chenyewe, isipokuwa kwa kadi mpya kabisa.

Njia nyingine ni proksi, yaani nakala ndogo za kuhariria, kisha programu inarudi kwenye mafaili asilia wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Kwa programu yako ya pili hiyo inatosha. Kwa ile ya kwanza haitoshi, kwa sababu programu isiyoweza kuifungua klipu asilia leo haitaweza kuifungua hata siku ya kutoa kazi.

MeziYaUhariri

Nashukuruni nyote. MediaInfo inaonyesha H.264, 4:2:2, biti 10, na yale mafaili makubwa yanayocheza vizuri ni ProRes. Basi nitabadili kwenda DNxHR HQX. Yamebaki mawili: je, kubadili mara mbili, kwanza DNxHR na mwishoni ProRes, hakutaharibu picha? Na kwa kuwa FFmpeg ninayo tayari, kwa nini nisitoe hiyo ProRes kwa FFmpeg hiyo hiyo?

FunduWaFremu

Upotevu upo kihesabu, lakini kwa kodeki za daraja hili si wa kuonekana kwa macho katika hatua mbili. Usitarajie tu kwamba kubadili kutaongeza ubora ambao kamera haikuurekodi.

Kuhusu la pili, FFmpeg hutoa ProRes, lakini msimbo wake haukuidhinishwa na Apple, na Apple yenyewe inaonya kwamba mafaili ya namna hiyo yanaweza kuleta hitilafu. Kwa matumizi yako ya ndani sioni tatizo. Kwa mteja aliyeandika masharti, tumia programu yenye idhini: Premiere Pro na Media Encoder zinatoa ProRes kwenye Windows tangu mwishoni mwa mwaka 2018, kwa hiyo hilo la Mac peke yake lilikwisha zamani.

Panga nafasi mapema. ProRes 422 HQ kwa vipimo ulivyopewa ni takriban megabiti 184 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 83 kwa saa moja. Diski ya kukabidhia iwe na mfumo wa mafaili wa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na Mac huisoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki juu yake.

RangiKwanza

Niongeze moja kabla hujakabidhi: muulize mteja kama hizo fremu 25 ni kamili au zinatokana na nusu-fremu 50, maana stesheni nyingi za televisheni bado zinataka hizo za pili na masharti yao hayalitaji jambo hilo waziwazi kila mara. Kisha fungua faili la mwisho kwa MediaInfo, si kwa macho tu, uhakikishe kwamba limeandikwa 422 HQ, kwamba rangi ni BT.709 (kiwango cha rangi cha video ya HD), na kwamba sauti ni PCM (sauti isiyobanwa) ya kHz 48. Usipoliona kwenye kichezeshi cha Windows usiogope. Litazame kwa VLC, kuanzia mwanzo hadi mwisho.