Kifua kubana: wewe yako ilikuwa nini? Tupeane uzoefu

Fundi Randa: Habari za jioni wakuu. Wiki ya tatu kifua kinabana na kuachia. Mke wangu anasema gesi, mama anasema nimetupiwa kitu, kijana wangu wa kazi anasema presha. Waliopitia haya, lenu liliishia wapi?

Kisiki: Asidi, mkuu. Nafunga duka saa nne usiku, chipsi mayai na pilipili, nusu saa baadaye niko kitandani. Moto unapanda katikati ya kifua hadi kooni, asubuhi mdomo mchungu. Nikapewa omeprazole ya kumeza kabla ya chai, na kitanda nikakiinua upande wa kichwani kwa matofali mawili. Chipsi sijaacha, ila nakula mapema.

Mama Pacha: Mimi ni pale ubavu unapoungana na mfupa wa kifua, ukigusa kwa kidole naruka. Nilikuwa nimekohoa mwezi mzima huku nabeba ndoo. Gegedu zimevimba. Moyo wangu mzima kabisa.

Shemeji wa Watu: Mwenzenu niliandika wosia kwenye simu ndani ya daladala! Moyo mbio, vidole ganzi, pumzi haishuki. Dakika ishirini, kimya. Vipimo safi mara tatu. Daktari wa nne akauliza, "Una deni?" Nilikuwa na mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku.

Tumbili: Mkanda wa jeshi. Siku nne naungua upande mmoja, eksirei haina kitu, ya tano malengelenge hayo.

Babu Kofia: Hiyo gesi msiitaje kirahisi. Mdogo wangu ana miaka 52 na ana sukari. Alihisi kama kakaliwa kifuani, jasho jembamba, taya linauma. Akanywa soda ya tangawizi ili acheue. Akacheua, akasema afadhali, nasi tukamwamini saa tano nzima. Hospitali, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kwanza ikaonekana nzuri, tukaanza kutafuta viatu vyake. Daktari wa zamu akakataa asiondoke, akapima damu kuangalia troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, na kurudia baada ya saa tatu. Ya pili ikawa imepanda. Mshipa wa moyo umeziba. Akatafunishwa aspirini palepale, akapewa rufaa usiku uleule. Yu hai, ila ngazi anapanda kwa vituo.

Fundi, hujasema kinabana ukiwa unafanya nini.

Fundi Randa: Nikibeba mbao, mzee. Nikizitua na kukaa kidogo kinaachia. Juzi kimebana natembea tu kwenda msikitini.

Mama Pacha: Mh.

Babu Kofia: Mwanangu, mbao na msikiti si habari moja, hiyo inasogea. Usisubiri kesho, nenda sasa hivi penye ECG, na usiende kwa miguu. Usiseme una gesi. Waeleze habari ya mbao kama ulivyotueleza.

Fundi Randa: Niko kwenye bajaji na mke wangu. Amebeba na soda ya tangawizi.