Mint, Fedora au Arch: ipi rahisi kuweka na kusasisha programu?

darasa_la_kompyuta
Wakuu, kuna kompyuta sita za darasa, RAM 4 GB kila moja, zinatolewa Windows ziwekwe Linux. Watakaozitunza hawajazoea terminali (dirisha la kuandika amri), na intaneti ni ya bando. Distro (aina ya Linux) ipi haitawasumbua?

kufuli
Mint ya Xfce (dawati jepesi). Mint 22 inapata masasisho hadi 2029, na inatumia apt (amri ya kuweka na kusasisha programu) kama Ubuntu, Linux ambayo imejengwa juu yake, ila bila snap (kifurushi kinachobeba mahitaji yake yote ndani). Kwenye Ubuntu, tangu 22.04, ukiandika `sudo apt install firefox` unaletewa snap, ambayo ni nzito kufunguka kwenye mashine ndogo. Mint imeizuia kwa faili `/etc/apt/preferences.d/nosnap.pref`, na Firefox yake ni .deb, kifurushi cha kawaida cha apt.

Kuhusu bando: kwenye mashine ya kwanza tumia `sudo apt-get update`, kisha `sudo apt-get dist-upgrade`. Iwe apt-get, maana apt hufuta .deb zote ikishamaliza kuziweka. Faili zitabaki `/var/cache/apt/archives`. Zinakili kwa flashi hadi folda hiyohiyo kwenye zile tano, kisha rudia amri zilezile. Zitapakua orodha tu na vile vilivyokosekana. Zote ziwe toleo moja la Mint.

rpm_daima
Fedora ina kitu ambacho apt ya Mint haina: dnf, kisimamizi chake cha programu. `dnf history` inaorodhesha kila ulichoweka kwa namba, na `sudo dnf history undo 27` inatengua hatua ya 27. Raha kweli pale mtu akiweka kitu kikavuruga vingine. Lakini kila toleo linahudumiwa miezi 13 hivi, kwa hiyo darasa zima litapandishwa toleo kila mwaka, na bando litalia. Hapo nakubaliana na kufuli.

mzizi
Arch isiingie darasani. pacman, kisimamizi chake cha programu, ni ya haraka sana, ila watu huandika `pacman -Sy jina`: orodha ya vifurushi inakuwa mpya, maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) zinabaki za zamani, programu inagoma kufunguka. Amri salama ni `pacman -Syu`, inayosasisha vyote, kila mara. Tena mashine ikizimwa likizo nzima, sahihi za kidijitali za vifurushi zinaweza kukataliwa mpaka usasishe `archlinux-keyring` (funguo za kuthibitisha sahihi hizo) kwanza.

darasa_la_kompyuta
Mint basi. Na apt ikilalamikia faili la kufuli, `/var/lib/dpkg/lock-frontend`?

kufuli
Usifute hilo faili, hata ukiona mtandaoni wanashauri hivyo! Maana yake programu nyingine inaandika, mara nyingi ni kisasishi chenyewe cha Mint. Ukiingilia, unaharibu kumbukumbu za dpkg, programu inayofanya kazi chini ya apt. Ujumbe unataja namba ya mchakato. Ikiwa ni 2214, andika `ps -p 2214` uone ni nani, umwache amalize. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anza na `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`.