Msaada wa BAM (Basic Applied Mathematics): jibu langu la derivativu na la nyuma ya kitabu haviendani kabisa

kijukuu_makole
Wakuu habari zenu. Niko kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), sasa hivi niko home Dodoma likizo na tumepewa homuweki ya difarensiesheni (kutafuta derivativu, yaani kasi ya kitu kubadilika), shule ikifunguliwa tu inakusanywa na yule mwalimu hana utani. Ile ya kushusha kipeo mbele halafu unatoa moja naijua, x⁵ inakuwa 5x⁴ sina shida nayo, shida zikija zimechanganywa ndo naanza kuona giza.

Ya kwanza ni y = (3x² + 1)⁵. Mimi napata 5(3x² + 1)⁴, kitabu kinasema 30x(3x² + 1)⁴, sasa hiyo 30x imetokea wapi jamani?? Ya pili y = x² sin x, nimedifarenshieti kila mmoja peke yake nikazidisha nikapata 2x cos x, kitabu kinakataa. Ya tatu ni ya maneno: mkulima wa zabibu Hombolo ana seng'enge ya mita 120, anataka kuzungushia kitalu cha mstatili mbuzi wasiingie, upande mmoja una ukuta tayari kwahiyo anazungusha pande tatu tu, tafuta vipimo vitakavyompa eneo kubwa kuliko yote. Hapo sijui hata naanzia wapi.

Simu ni ya dada, nikichelewa kujibu msinifikirie vibaya.

Zabibu Chungu
Dogo PCB mnalia na BAM, wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) wanaokula hesabu za Adivansi wasemeje 😂 Namba tatu haihitaji hata derivativu, eneo kubwa siku zote ni mraba, una pande tatu kwahiyo 120 gawa kwa 3 ni 40, 40 mara 40 ni mita za mraba 1600. Nyingine.

dereva_wa_x
@Zabibu Chungu taratibu mkuu, mraba unashinda ukizungusha pande zote nne. Hapa upande mmoja ni wa bure. Chukua pande mbili zinazogusa ukuta ziwe mita 30 kila mmoja, unabakiwa na waya mita 60 za upande wa mbele, 30 × 60 ni 1800. Ushamzidishia mzee mita 200 za mraba hapo.

Dogo, njia yenyewe iko hivi. Upande unaogusa ukuta uite x, iko miwili, kwahiyo wa mbele unabaki 120 − 2x. Eneo A = x(120 − 2x) = 120x − 2x². Difarenshieti: dA/dx = 120 − 4x. Weka sawa na sifuri, x = 30. Kwisha. Mtihani wakikudai uthibitishe kwamba ni kubwa na sio ndogo, difarenshieti tena unapata −4, hasi maana yake ni kilele.

kijukuu_makole
Asante kaka nimeelewa hadi kwenye 120 − 4x, ila hapo "weka sawa na sifuri" ndo huwa naandika kwa kukariri. Kwanini sifuri??

dereva_wa_x
Kwasababu derivativu inakwambia eneo linaongezeka kwa kasi gani ukisogeza x kidogo. Hebu jaza mwenyewe: x ikiwa 29 eneo ni 29 × 62 = 1798, x ikiwa 30 ni 1800, x ikiwa 31 ni 31 × 58 = 1798. Kabla ya 30 linapanda, baada ya 30 linashuka, pale katikati halipandi wala halishuki, kasi ni sifuri. Ndo hiyo tu. Ni kama mtu aliyerusha jiwe juu, pale linapotaka kugeuka kurudi chini linasimama kwanza.

Madam Namba
Habari mwanangu. Wenzako wameshamaliza ya tatu, nikusaidie hizo mbili, ila sikupi kanuni kwanza. Nataka ujue namna ya kuikamata kanuni ya uongo wewe mwenyewe, maana kwenye chumba cha mtihani nyuma ya kitabu hakuna.

Namba moja, punguza kipeo kiwe 2, yaani (3x² + 1)². Hii unaweza kufungua mabano: 9x⁴ + 6x² + 1. Difarenshieti kwa ile njia unayoiamini, unapata 36x³ + 12x, ambayo ni 12x(3x² + 1). Sasa fanya kwa njia yako ya haraka, unapata 2(3x² + 1). Umeona kilichopungua? Ni 6x, na 6x ndiyo derivativu ya kile kilichomo ndani ya mabano. Umedifarenshieti nje ukasahau kwamba ndani nako kunabadilika. Kwahiyo kwenye swali lako ni 5(3x² + 1)⁴ × 6x, ndiyo hiyo 30x yako. Wenyewe wanaita cheni ruli.

Namba mbili, jaribu hiyo njia ya kuzidisha kwenye x² mara x³. Jibu tunalijua, ni x⁵, derivativu yake 5x⁴. Kwa njia yako ni 2x × 3x² = 6x³. Hata kipeo hakilingani, kwahiyo njia hiyo haifai popote. Inayofaa ni prodakti ruli: derivativu ya kitu cha kwanza mara kitu cha pili kilivyo, jumlisha kitu cha kwanza kilivyo mara derivativu ya kitu cha pili. Kwako ni 2x sin x + x² cos x. Na usijisikie vibaya, Leibniz, huyo aliyetuletea alama ya dy/dx, mwaka 1675 alijiuliza kwenye karatasi zake swali hilohilo, kama derivativu ya vitu viwili vilivyozidishwa ni derivativu zao kuzidishwa, akajaribu akaona hapana.

Ukitaka kuhakiki zaidi shika kalkuleta, iweke kwenye radiani, kile kipimo kingine cha pembe (msizoee kuiacha kwenye digrii, kwenye kalkulasi inawaumiza wengi). Tafuta x² sin x pale x ikiwa 1, halafu ikiwa 1.001, toa, gawa kwa 0.001. Utapata 2.22 na ushee. Weka 1 kwenye 2x cos x inakupa 1.08, weka kwenye 2x sin x + x² cos x inakupa 2.22.

Zabibu Chungu
Madam ungenifundisha wewe nisingekimbilia HGL (Historia, Jiografia, Lugha)

kijukuu_makole
Shikamoo madam, kalkuleta imetoa 2.2247, daah. Nimejitungia moja ya kuchanganya zote mbili, y = x²(3x² + 1)⁵, nimepata 2x(3x² + 1)⁵ + 30x³(3x² + 1)⁴. Naomba unisahihishie.

Madam Namba
Marahaba. Iko sawa yote. Sasa toa nje 2x(3x² + 1)⁴, ndani ya mabano utabakiwa na 3x² + 1 + 15x², yaani 18x² + 1. Andika hivyo kwenye daftari, msahihishaji asihangaike kukutafutia.