Mjadala: Jinsi kwenye kipande cha kidijitali, inamsaidia nani hasa?

Wakala wa Kongowea

Wadau salama aleikum. Niko na kibanda cha M-Pesa hapa Kongowea, Mombasa, mwaka wa tisa sasa, kutwa nzima nashika vipande vya watu, yaani vitambulisho, kwa hivyo hili nalileta kama mtu wa kazi, si mwanaharakati, msinianze.

Nina jirani, tumwite Amani, kwa sababu jina lake halisi nalo linaitwa wake kwa waume. Ameenda kwenye jumba moja la ofisi huko mjini kufuatilia pesa zake za ushonaji, mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni na shughuli yangu. Mtoto wa miezi minne mgongoni. Askari wa mlangoni akachukua kadi yake, hizi mpya za Maisha zenye chipu, kumbe imeandikwa MALE, mwanamume. Karani alibonyeza vibaya siku ya kujaza, ofisi siitaji. Askari akaitazama kadi, akamtazama Amani usoni, macho yakashuka yakasimama kidogo pale, yakarudi kwenye kadi. "Hii ni yako ama ya bwanako?" Picha ni yake jamani. Namba yake. Kidole ukikipima ni chake. Neno moja tu ndilo limekataa, na dakika ishirini zimekwenda watu wanasonya nyuma.

Sasa kilichonichoma mimi ni hiki, mwisho askari alifungua lile daftari la wageni akaandika jina, namba, saa ya kuingia, unaenda kwa nani. Basi. Safu ya jinsi HAIPO. Yaani amemfedhehesha mtu kwa kitu ambacho hata kukiandika hakukiandika. Na mimi kibandani vilevile, miaka tisa sijawahi kuhitaji kujua kama mteja ni me au ke ndio nimpe elfu mbili zake.

Najua sheria, Sheria ya Usajili wa Watu kifungu cha 5 inataka jinsi iingizwe, imekaa kwenye orodha moja na jina, tarehe ya kuzaliwa na kabila. Sikatai serikali ijue. Nasema ibaki kule kwenye rejista, itoke usoni mwa kadi. Mwenye sababu ya kujua aulize mfumo, ajibiwe hilo alilouliza tu. Si ndio maana ya dijitali? Manake hii Maisha Namba, namba ya mtu inayokwenda na kadi hizi mpya, tunaambiwa inamfuata mtu toka cheti cha kuzaliwa mpaka kaburini, na kosa la karani nalo linamfuata hivyohivyo. Mnasemaje?

Mke wa Baharia

Kakangu wakala, pole kwa jirani yako lakini hapa nakukatalia. Unajua kipande kilikuwa cha nani? Cha mwanamume. Ile sheria ya mkoloni ya 1915 iliwashika wanaume Waafrika kuanzia miaka 16, kinavaliwa shingoni ndani ya kibweta cha bati kama kengele ya mbuzi. Uhuru ukaja, vitambulisho vikaendelea, mwanamke bado hamo. Sisi tumeingizwa 1978. Mamangu aliolewa, akazaa watatu, akanunua kiwanja kwa jina la kakake kwa sababu yeye kwenye makaratasi ya serikali hakuwa mtu. Kiwanja kiko wapi leo? Muulizeni mjomba.

Kwa hivyo mnaponiambia neno "female" halina kazi, mimi nasikia kitu kingine kabisa. Viti vya mwakilishi wa wanawake vipo 47, kila kaunti kimoja, mgombea utamjuaje? Tenda za serikali zile asilimia 30 za vijana, wanawake na wenye ulemavu, wajanja wa mjini si watajaa humo? Nikikamatwa usiku nataka nipekuliwe na mwanamke na nilale selo ya wanawake. Sitaki ofisa aanze kutafuta netiweki ndio ajue aniweke wapi.

Dereva wa Malaba

Mama umenena la kiwanja, hata mimi nimewahi kuona ya hivyo. Ila niwape la barabarani. Mimi napeleka trela Mombasa mpaka Kampala, saa zingine Kigali, na toka 2014 navuka kwa kitambulisho hichihichi bila pasipoti. Nimeshika kadi za wenzetu. Uganda hata ukifuta jinsi kwenye kadi haisaidii, iko ndani ya namba yenyewe, mwanamume namba yake inaanza CM, mwanamke CF. Rwanda namba ina tarakimu 16, ya kwanza inasema wewe ni raia au mgeni, nne zinazofuata mwaka wako, halafu inakuja 8 kama ni mwanamume, 7 kama ni mwanamke. Ukishajua hiyo unasoma namba tu humwoni mtu ushajua. Mimi na taniboi wangu, utingo, tulikuwa tunachezea mchezo huo kwenye foleni ya mpaka, tunakisia.

Sasa karani akikosea hapo anafanyaje? Si neno la kufuta. Inabidi ubadilishiwe namba nzima, na namba ndiyo ishafungua benki, laini, shule, kila kitu.

Na hukohuko Rwanda ndiko watu wanajua kadi inaweza kufanya nini. Wabelgiji waliandika Hutu, Tutsi, Twa kwenye vitambulisho miaka ya 1930, wakaacha pale, na 1994 kwenye vizuizi vya barabarani ulikuwa ukitoa kadi neno hilo ndilo linaamua. Baada ya pale wakaliondoa. Sisemi jinsi ni sawa na kabila. Nasema aliyeandika safu siye atakayeisoma.

Mzee wa Baraza

Dereva unatisha watu bure. Kabila huwezi kuliona usoni, jinsi kila mtu anaiona. Kuificha kwenye kadi ni kama kuficha kwamba mtu ana pua. Haya mambo yote yanaletwa na wazungu na mashirika yao, leo ni kadi kesho mtatuambia hakuna mama wala baba.

Bibi wa Leicester

Mzee wa Baraza shikamoo. Niko Uingereza mwaka wa 22, hebu nikwambie wazungu wenyewe wanagombana. Septemba 2025 Waziri Mkuu Starmer ametangaza kitambulisho cha kidijitali, ndani kutakuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia au hali ya ukaazi na picha. Jinsi haimo. Karibu watu milioni 3 wakatia saini kupinga kitambulisho chenyewe, na pembeni kukawa na ugomvi mwingine, wako wanawake wanaosema kama haimo basi wameachwa, kwa sababu Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya huku ilishasema neno "mwanamke" kwenye sheria ya usawa ya 2010 ni jinsi ya kuzaliwa, sasa utaithibitisha kwa nini? Wengine wanasema ikiwemo ndio watu waliobadili jinsi watasumbuliwa kila mlango. Hoja zilezile za huko Kongowea, ni baridi tu ndiyo imezidi.

Halafu cha kuchekesha. Leseni yangu ya kuendesha gari haina sehemu ya jinsi kabisa, nikawa naringa nayo. Mpwa wangu akanifunulia siku moja, kwenye namba ya leseni mwanamke anaongezewa 5 kwenye mwezi wa kuzaliwa. Mimi ni wa Machi, imeandikwa 53. Ningekuwa mwanamume ingekuwa 03. Miaka yote hiyo natembea nayo kwenye pochi.

Na Ujerumani, mzee wangu, kitambulisho chao cha ndani hakina jinsi, pasipoti ndiyo inayo. Baba na mama bado wako.

Ostadhi Mkimya

Nimeona Mzee wa Baraza amesema kila mtu anaiona. Si kila mtu, shehe wangu. Sisi tuliosoma mirathi tunajua kuna mlango mzima wa huntha, yule aliyezaliwa hajulikani ni upande gani. Na mirathi ndiyo mahali ambapo jinsi ina uzito wa kweli, mtoto wa kiume fungu lake ni la wawili wa kike, si jambo la kupuuza hata kidogo. Pamoja na uzito huo, kwetu Washafii huntha mwenye kutatiza hatabiriwi. Kila mrithi anapewa kile chenye yakini, kilichobaki kinasimamishwa mpaka ibainike. Kinasimamishwa! Watu wa zama zile walikuwa na ujasiri wa kuacha pengo kwenye hesabu ya mali, sisi na kompyuta zetu hatuwezi kuacha kisanduku kitupu.

Kuna kesi ya Mtoto A hapa Kenya. Kazaliwa 2009, hospitali kwenye sehemu ya jinsi wakaweka alama ya kuuliza. Hii hapa: ? Mama yake akaenda mahakamani, Desemba 2014 Jaji Lenaola akaiambia serikali itafute utaratibu wa kuwasajili watoto kama hao. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza kuwahesabu, wakapatikana 1,524 katika watu milioni 47 na nusu. Mimi naamini wako zaidi, nani atamwambia karani wa sensa mambo hayo barazani jirani wamekaa.

Nesi Zamu ya Usiku

Nipite haraka niko kazini. Hospitali tunahitaji jinsi, viwango vya damu vya mwanamume na mwanamke si sawa, dawa zingine lazima nijue kama kuna mimba. LAKINI sijawahi kuisoma kwenye kipande. Namuuliza mgonjwa, au namwona, au iko kwenye faili. Kipande nataka namba ya bima tu. Na kama faili limenyonya jinsi kutoka kwenye rejista na rejista imekosea kama ya huyo Amani, basi kompyuta ikinigomea kumfungulia kadi ya kliniki ya wajawazito nitafanyaje? Hilo ndilo linaniogopesha zaidi ya mlinzi.

Wakili wa Kibandani

Watu wanasahau jambo moja. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inapotaja data nyeti imeiweka jinsi humohumo, pamoja na afya, alama za mwili, ndoa na mali. Sasa kitu ambacho sheria moja inakiita nyeti sheria nyingine inakichapisha usoni mwa kadi ambayo kila mlinzi na kila duka la simu wanaishika. Haijakaa sawa hata kwa mbali.

Na mahakama zishagusa pembeni. Kwenye kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa kabla ya Maisha Namba, 30 Januari 2020, majaji watatu waliamua DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS visikusanywe, hoja kubwa ikiwa kama huna kazi nacho usikichukue. Kabla ya hapo, 2014, Audrey Mbugua, aliyebadili jinsi kutoka mwanamume kuwa mwanamke, alishinda kesi yake na Baraza la Mitihani, akaagiziwa cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi, mahakama ikaona alama hiyo si sharti kwenye cheti cha mtihani. Umefaulu hesabu umefaulu. Mpende msimpende, hoja ilikuwa ni ya makaratasi.

Mke wa Baharia nakuheshimu, lakini tume ya uchaguzi si lazima imjue mgombea kwa neno la usoni mwa kadi, inaweza kuuliza rejista. Magereza pia.

Mke wa Baharia

Wakili, rejista gani? Ile iliyomfanya Amani mwanamume? Mimi siamini kompyuta ya serikali kuliko karatasi niliyoishika mkononi. Karatasi ikikosea naiona, nalalamika. Kule ndani ikikosea nitajulia wapi? Amani angekuwa na kadi isiyo na neno angekaa miaka kumi bila kujua, siku anayokwenda kugombea udiwani ndio anaambiwa wewe ni bwana.

Wakala wa Kongowea

Mama hapo umenibana, nakubali. Nimekaa na hii toka jana. Hoja yako ya kwanza ningekujibu hivi, kipande cha mkoloni hakikuhitaji neno la jinsi maana aliyekivaa ni mwanamume tu, nyinyi mlipoingia ndipo neno likapata kazi, kwa hivyo kazi yake toka mwanzo ni kuwatenga, haijawahi kuwa kuwalinda. Lakini hii ya pili, ya kutoona kosa, sina jibu zuri. Labda mwenye kadi awe na haki ya kufungua taarifa zake mwenyewe kwa simu, bure, aone kila safu ilivyoandikwa na nani aliisoma lini. Bila hiyo nakuunga mkono liandikwe tu usoni.

Dereva, hiyo ya CM na CF imenitoa jasho. Sisi kwetu angalau namba ni namba tu, haisemi kitu. Ikibadilishwa ikaanza kusema, hapo ndipo nitapiga kelele kweli.

Chombo cha Tanga

Naingia kutoka upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, Tanzania. Kwetu na NIDA, mamlaka ya vitambulisho, wengi tulijazwa mbiombio wakati ule wa kusajili laini kwa kidole, mwisho ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, mafoleni yake usiseme. Ndio wakati makosa yaliingia, mimi tarehe yangu ya kuzaliwa ina makosa mpaka leo na kwetu tarehe ndiyo inaanza namba. Kwa hiyo nimeelewa kilio cha Dereva. Swali langu kwa wakala, huyo Amani amerekebishiwa?

Wakala wa Kongowea

Bado. Wamemwambia alete cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na kiapo cha wakili kwamba yeye ni mwanamke. Ameuliza kama amlete na mtoto. Karani akasema mtoto si ushahidi.