Nani kampa Aikande kitabu cha Waroma?

Kikundi: NYUMBANI MACHAME

JUMAMOSI

Baba Aikande 18:42
[picha]
Naomba kuuliza kwa utaratibu. Nani kampa mwanangu kitabu hiki? Nimekikuta chini ya mto wake.

Prosper 18:44
kaka picha imekuja nusu. naona ROSA MIS tu

Baba Aikande 18:45
Rosa Mistika. Sina ugomvi na dhehebu la mtu, ila nyumba hii ni ya Kilutheri tangu enzi za wamisionari wa Leipzig. Kama kuna anayemfundisha mtoto rozari angeanza kwangu.

Ndeshi 18:46
Kaka

Ndeshi 18:46
Kaka subiri nikae chini 😂😂😂

Mama Aikande 18:48
Mimi nilimwambia amuulize mtoto mwenyewe. Akasema hapana, swali hili ni la ukoo.

Godlisten 18:51
Shikamooni wote. Mjomba, hiyo siyo ya sala. Ni riwaya ya Kezilahabi. Jina ndiyo limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, lakini ndani ni habari za binti mmoja wa Ukerewe.

Baba Aikande 18:52
Marahaba. Basi nimepoa. Nilikuwa nimeshampigia mwinjilisti.

Ndeshi 18:52
Usipoe haraka hivyo

Prosper 18:53
kimeumana

Baba Aikande 18:53
Ndeshi sema.

Ndeshi 18:57
Kilipotoka 1971 kilizuiwa shuleni. Rosa baba yake ni mlevi na mkali, anamchunga kama ndama. Akifika chuoni hakuna wa kumchunga na yeye mwenyewe hajafundishwa kujichunga. Yanayofuata siyaandiki hapa, Baba yumo kwenye kikundi. Lakini Aikande ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Mimi nilikisoma kidato hichohicho, nimekivalisha jalada la gazeti.

Baba Aikande 18:58
Na wewe ndiye umempa?

Ndeshi 18:58
Si mimi. Ningekuwa mimi ningejisifu.

Prosper 18:59
mimi msinitazame. mimi vitabu vyangu vina bastola

Baba Aikande 19:00
Godlisten?

Godlisten 19:01
Mjomba mimi nasoma kwenye simu tu, sina hata karatasi

Babu 19:26
Salaam kwenu nyote. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Kitabu nimempa mimi. Alikiona kwenye sanduku langu la chuma alipokuja Krismasi, akaomba, nikampa. Asanteni.

Prosper 19:27
😂😂😂😂 mwinjilisti apigiwe tena

Ndeshi 19:28
Baba!! Sanduku la chuma?? Hicho si ndicho ulichoninyang'anya 1988?

Babu 19:34
Ndicho.

Ndeshi 19:34
Ukasema utanirudishia

Babu 19:39
Nilikuwa sijamaliza.

Mama Aikande 19:41
Jamani mimi nimemwaga chai

Baba Aikande 19:50
Baba kwa heshima zote. Mtoto wa kike, likizo hii, masomo ya sayansi. Kwa nini asisome vya kwenye orodha ya shule?

Babu 20:08
Vya orodha anasoma ili ajibu mtihani. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, nawajua watoto wa namna hiyo. Wanakuambia dhamira na migogoro, lakini ukiwauliza kama walimpenda mtu yeyote humo ndani wanakutolea macho. Aikande alipokuja hapa alikaa juu ya gunia la mahindi akasoma kurasa ishirini bila kuniomba simu. Sikuwa na moyo wa kumzuia.

Babu 20:10
Ila Kezilahabi mwenyewe nina neno naye. Kwenye Kichomi, 1974, alitupa vina na mizani kama mtu anayemwaga maji machafu. Kwenye riwaya namvulia kofia. Kwenye ushairi bado sijamsamehe, na amekwisha fariki, 2020.

Godlisten 20:12
Babu mashairi ya Kichomi ndiyo mazuri sasa, unasoma kama mtu anaongea na wewe

Babu 20:15
Mtu akiongea na mimi namwita mtu anayeongea. Simwiti malenga.

Prosper 20:16
godi nyamaza tu mdogo wangu

Ndeshi 20:30
Kwani kila mtu anasoma nini sasa hivi? Tuulizane bila kupigiana simu za wainjilisti. Mimi niko na Peponi ya Gurnah, ile aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Nimeinunua hapa mjini Arusha, bei nimemficha shemeji yenu.

Prosper 20:31
huyo wa nobeli?

Ndeshi 20:38
Huyo, ya 2021. Kwa Kiingereza niliianza mara mbili nikaitupa. Yusuf ana miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na mjomba Aziz, anadhani anakwenda kutembea. Kumbe si mjomba, ni tajiri anayemdai baba yake, na mtoto kawekwa rehani. Kwa Kiingereza neno hilo lilinipita hivihivi. Kwa Kiswahili rehani naijua: ni redio, ni simu, ni pikipiki ya Prosper mwaka ule. Nikasoma mtoto yuko rehani, nikafunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Prosper 20:39
pikipiki imeingiaje

Ndeshi 20:41
Ila katikati imenichosha, nisiseme uongo. Msafara wa bara. Mizigo, hongo kwa chifu, mvua, mizigo, hongo kwa chifu mwingine. Nikajisemea labda ndivyo safari zenyewe zilivyokuwa, lakini mimi nimetoka zamu ya usiku wodini, sina nguvu za kubeba mizigo ya watu.

Godlisten 20:43
Mama usituambie mwisho

Ndeshi 20:43
Sijafika mwisho. Niko kwenye mizigo.

Prosper 20:55
mimi nasoma Kikosi cha Kisasi ya Musiba, nimeokota kwa wale wa vitabu vya mtumba stendi. jalada halina, kurasa za mwanzo hazina, lakini Willy Gamba yumo. yuko Kinshasa anakimbizana na majasusi wa makaburu, mimi niko Boma Ng'ombe nakimbizana na trafiki. kondakta akijaza gari nakuwa nimemaliza sura. abiria wakilalamika tumekaa sana nawaambia bado watu wawili

Mama Aikande 20:56
Shemeji kumbe ndiyo maana!! Juzi nimekaa kwenye Coaster yako dakika arobaini

Prosper 20:57
shemeji ile ilikuwa sura ndefu

Babu 21:04
Musiba alikuwa na kalamu inayokwenda mbio. Wanawake wa kwenye vitabu vyake hawana kazi nyingine ila kuwa wazuri, hilo ndilo lilinichosha. Mimi narudia Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Mangi Petro Itosi Marealle. Ni cha 1947. Nasoma huku nabishana naye pembeni kwa penseli, maana yeye Mmarangu, na mambo mengine sisi wa Machame hatufanyi hivyo. Lakini bila yeye tungebishana na nani? Wazee waliojua wamelala wote.

Ndeshi 21:06
Baba hicho nacho usimpe mtu akakisahau sandukuni

Babu 21:07
Hiki nitazikwa nacho. Usiku mwema. Ng'ombe wanaamka mapema kuliko ninyi.

JUMAPILI

Baba Aikande 14:10
Nimeamua hivi. Kitabu hakirudi kwa mtoto mpaka nikisome mimi mwenyewe. Mzazi lazima ajue.

Mama Aikande 14:11
Mtu aliyesoma kitabu mara ya mwisho siku ya kipaimara

Baba Aikande 14:11
Mama Aikande hilo tungeongea ndani.

Prosper 14:15
kaka ukikwama maneno magumu mpigie baba, usimpigie mwinjilisti

JUMATATU

Baba Aikande 13:02
Nimeanza. Hapa dukani leo hakuna wateja, saruji imepanda. Huyu Zakaria, baba yake Rosa, ni mtu wa hovyo.

Baba Aikande 13:40
Ni mtu wa hovyo sana.

Baba Aikande 16:25
Niseme mapema, mimi sinywi.

Ndeshi 16:26
Hakuna aliyesema, kaka

Baba Aikande 16:27
Naona kimya chenu.

Baba Aikande 23:48
Mko macho? Pale anapompiga binti kwa sababu ya barua ya kijana. Barua yenyewe si yeye aliyeiandika, ameandikiwa. Nimesoma mara mbili.

Ndeshi 23:51
Niko zamu. Pale ndipo na mimi niliposhikwa. Unajua kaka, yaliyoandikwa humo mbele, ya wasichana, mimi nimeyaona wodini kwa macho yangu miaka yote hii. Wanakuja usiku wamechelewa, wanaogopa baba kuliko wanavyoogopa kufa. Aliyeandika alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba kitabu kinatoka. Mwanamume. Aliyajuaje sijui.

Baba Aikande 23:53
Aikande akipata barua ataniambia?

Ndeshi 23:54
Siku hizi hawaandikiani barua

Baba Aikande 23:54
Umenielewa.

Ndeshi 23:58
Nimekuelewa. Kwa jinsi ulivyopiga picha kitabu ukatangaza kwa ukoo mzima? Hapana, hatakuambia.

JUMANNE

Babu 05:20
Nimesoma ya usiku. Ndeshi, 1988 nilipokunyang'anya kitabu, nilikianza usiku uleule kwa koroboi ili nijue unasoma uchafu gani. Nikafika hapohapo pa barua. Na wiki ileile nilikuwa nimekuchapa kwa ajili ya barua ya yule kijana wa kwaya. Nikakifunga. Mama yenu akaniuliza mbona hulali, nikamwambia viroboto. Nimekimalizia mwaka juzi baada ya kumzika.

Ndeshi 06:02
Baba

Ndeshi 06:15
Kumbe ile barua uliisoma?

Babu 06:21
Ilikuwa na makosa ya tahajia saba.

Prosper 06:30
mimi nipo stendi nacheka na machozi yananitoka, abiria wananiangalia

Mama Aikande 07:10
Baba shikamoo. Aikande yuko hapa anaandika kwa simu yangu:
Shikamoo babu. Shikamooni wote. Mimi nilikuwa nimefika Rosa anapokwenda sekondari. Naomba niseme maoni yangu. Naona baba yake Rosa alikuwa anampenda ila hakuwa na namna nyingine ya kusema. Lakini pia sijamwonea huruma. Babu, nani wa kwaya?

Babu 07:14
Marahaba mjukuu wangu. Maoni mazuri. Swali la mwisho muulize shangazi yako.

Ndeshi 07:15
Aikande nenda kaoshe vyombo

Godlisten 07:16
Na mimi nataka kujua wa kwaya

Ndeshi 07:16
Na wewe

Baba Aikande 12:30
Nimemsoma Aikande. Sawa.

Mama Aikande 18:05
Aikande anauliza kitabu kiko wapi, Ijumaa anarudi bweni.

Baba Aikande 18:20
Kiko dukani. Nimebakiza kidogo tu.

Babu 18:22
Na mimi nilisema hivyohivyo.

Ndeshi 18:23
Aikande mwanangu, nakutumia hela kwa simu ya mama yako. Kanunue chako.