Hatua ya kijiolojia huanzia wapi: kwenye mwamba au kwenye tarehe?

Mwalimu wa Jiografia
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Ninaandaa somo la historia ya dunia kwa wanafunzi wa kidato cha tano, na nimekwama kwenye jedwali la nyakati za kijiolojia. Kuhusu hatua (yaani kigawe cha kipindi) ya Induani, ambayo ndiyo inayofungua kipindi cha Triasiki, jedwali moja la zamani linasema ilianza miaka milioni 251.0 iliyopita, jingine milioni 252.2, na la karibuni linaandika milioni 251.902. Je, mpaka huo umekuwa ukihamishwa? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua hatua ianzie wapi?

Mpima Matabaka
Mwalimu, mpaka haujahama tangu ulipoidhinishwa mwaka 2001. Kilichobadilika ni makadirio ya umri wake. Ukiacha sehemu kubwa ya nyakati zilizotangulia Kambria, ambako visukuku ni haba na mipaka mingi imewekwa kwa miaka kamili kama ule wa milioni 2,500, hatua hufafanuliwa kwa nukta moja iliyochaguliwa ndani ya matabaka ya mahali pamoja, na nukta hiyo huwa mwanzo wa hatua kwa dunia nzima.

Nukta ya Induani iko Meishan, katika jimbo la Zhejiang nchini China, kwenye kitako cha tabaka lililopewa namba 27c, ambapo huonekana kwa mara ya kwanza konodonti aitwaye *Hindeodus parvus*, mnyama mdogo wa baharini aliyeacha vijimeno vya kutazamwa kwa hadubini. Majivu ya volkano yanayoweza kupimwa umri hayapo kwenye nukta yenyewe. Yako chini yake, katika tabaka la 25, na juu yake, katika tabaka la 28. Humo hutafutwa fuwele za zirkoni, hupimwa ni kiasi gani cha urani kimekwisha kugeuka risasi, kisha umri wa mpaka hukokotolewa kutokana na tarehe za pande zote mbili. Vipimo vikiboreka namba husogea, nayo nukta hubaki palepale. Lau tarehe ndiyo ingekuwa ufafanuzi, kila kipimo kipya kingelazimisha mpaka kupanda au kushuka tabaka.

Naomba wanafunzi wako walishike na hili: kinachofafanuliwa ni mwanzo tu. Induani huishia pale inapoanzia Olenekiani, hatua inayoifuata, na kwa hiyo hapabaki pengo kati yake wala hazipandani.

Kuhusu mamlaka, kikosi kazi hupendekeza, wataalamu wa kamisheni ndogo ya kipindi husika na kisha Kamisheni ya Kimataifa ya Stratigrafia (elimu ya matabaka ya miamba) hupiga kura, na pendekezo lililopata angalau asilimia 60 hupelekwa kuidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia.

Binti Mgao
Utaratibu ninaukubali, ila uchaguzi wa 27c unanisumbua. Maangamizi makubwa ya viumbe yanaanza chini yake, karibu na tabaka la 25. Kwa nini tukio zito kiasi hicho lisiwe ndilo mpaka?

Mpima Matabaka
Hoja yako ni nzito, Binti Mgao, na imejadiliwa sana. Ugumu wake ni kwamba maangamizi yale yalichukua takriban miaka 60,000, tena kiumbe kikikosekana katika tabaka, huenda kilitoweka duniani au huenda mazingira ya pale hayakukifaa. *Hindeodus parvus*, kwa upande wake, amepatikana katika nchi nyingi, hivyo mtu aliye mbali na Meishan anaweza kulinganisha miamba yake. Hata hivyo, zipo hatua zilizowekewa mpaka kwenye kutoweka. Rupeliani, hatua ya kwanza ya Oligosini, ina nukta yake Massignano nchini Italia, iliyoidhinishwa mwaka 1992, pale zinapokoma foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba) za *Hantkenina*. Kukoma huko kumeonekana pia katika udongo mgumu uliochimbwa ukanda wa Kilwa, ambao umehifadhi magamba ya foraminifera kwa ubora wa nadra. Mwalimu, mfano huu ungewafaa sana wanafunzi wako.

Mwalimu wa Jiografia
Nashukuru sana, nitautumia. Swali moja limebaki: kesho akipatikana *Hindeodus parvus* chini ya 27c, palepale Meishan, itakuwaje?

Mpima Matabaka
Mpaka hautahama. Kisukuku kilitumika kuchagulia nukta na hutumika kuitafuta kwingineko, lakini kilichoidhinishwa ni nukta yenyewe. Tutakachopoteza ni sehemu ya uhakika wa kulinganisha, na ndiyo maana huzingatiwa pia alama nyingine, kama uwiano wa isotopu za kaboni (aina za kaboni zinazotofautiana uzito) na mabadiliko ya uga sumaku wa dunia. Kuibadili nukta kwahitaji pendekezo jipya na kura upya katika ngazi zote.

Binti Mgao
Niongeze kwamba kazi haijakamilika. Hadi mwaka 2024 Tithoniani, hatua ya mwisho ya Jurasiki ambayo sehemu ya miamba ya Tendaguru huko Lindi huwekwa humo, ilikuwa bado haina nukta iliyoidhinishwa, na hali kadhalika Beriasiani inayofungua Kretasia. Mwalimu, umri wa baadhi ya mipaka isiyo na nukta hutanguliwa na alama ya makadirio katika jedwali.