Kazi ya mwanafunzi imegeuzwa bidhaa: mradi, kitabu na hata mchezo wa kuigiza, vyote tunauziwa

Wanajamvi, hamjambo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa hapa Kisumu, na ninafungua uzi huu nikiwa na hasira niliyoibeba tangu muhula wa kwanza. Sitaitaja shule wala mwalimu yeyote, kwa kuwa haya ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wenzangu wa Ahero na Maseno. Ninalolalamikia ni hili: kila kazi ambayo mtaala unamtaka mwanafunzi aifanye kwa akili na mikono yake, sasa yupo mtu mzima anayeifanya kwa niaba yake, kisha anamuuzia.

Nianze na mradi wa Kompyuta. Wanaolisoma somo hili wanajua kwamba karatasi ya tatu, 451/3, si mtihani wa kukaa chumbani na kujibu maswali. Swali la mradi hutoka kwa KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, nawe hupewa miezi kadhaa ya kubuni mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu, kuunda majedwali, fomu na ripoti, na kuandika maelezo ya kila hatua uliyoipitia. Darasani tuko 41, na kompyuta zinazowaka ni 9. Badala ya kupangiwa zamu, tuliambiwa kwamba asiyetaka kuhangaika alete shilingi 2,500, atengenezewe mradi na watu wanaojua, katika saiba moja mjini. Wenzangu 33 walilipa.

Nilikuwa kando ya rafiki yangu alipopokea wa kwake. Ulikuwa umechapishwa vizuri, umefungwa kwa jalada la plastiki, na sidii imebandikwa ndani ya jalada la nyuma. Alipofika ukurasa wa kumi na mbili tuliona, chini kabisa na kwa herufi ndogo, jina la shule nyingine ya kaunti nyingine. Aliazima rangi nyeupe ya kufutia, akaketi saa nzima ya chakula cha mchana akilifuta jina hilo ukurasa baada ya ukurasa, akipuliza ili ikauke kabla ya kufungua mwingine. Mama yake anauza omena sokoni Kibuye. Najua omena ya shilingi 2,500 ni mafungu mangapi, na najua kwamba mama yule alilipa akiamini kuwa ni ada ya mtihani.

Katika vitabu hali ni ile ile. Karatasi ya fasihi ya Kiswahili, 102/3, ina maswali manne ya kujibu, kila moja alama 20, na hakuna anayeweza kuliweka dondoo la tamthilia au riwaya katika muktadha wake bila kuisoma matini yenyewe. Lakini sisi tulipewa mwongozo, yaani kijitabu cha uchambuzi, kabla ya kitabu. Tuliambiwa tukariri wahusika, maudhui na mbinu za uandishi, na kwamba kitabu chenyewe tutakisoma "muda ukipatikana". Muda haukupatikana. Darasani kwetu wapo wanaoweza kukutajia sifa saba za mhusika ambaye hawajawahi kumsikia akizungumza.

Lililoniuma zaidi ya yote ni la mchezo. Mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi kumi na wanne tuliamua kuiigiza tamthilia teule sisi wenyewe, tuwaonyeshe wenzetu wa kidato cha tatu. Tulifanya mazoezi wiki tatu chini ya mwarobaini nyuma ya maabara, kila siku baada ya masomo, tukitumia leso za mama zetu na fimbo ya babu wa mmoja wetu. Mimi nilipewa nafasi ya mke wa makamo. Kuna mahali ambapo mumewe anamuuliza jambo, naye, badala ya kujibu, anauliza swali lingine. Nilikuwa nimeipita sentensi hiyo mara nyingi nikiisoma, nikidhani ni ya kujaza mazungumzo tu. Siku ya nne ya mazoezi, nikiwa nimesimama na sufuria mkononi na mwenzangu akinikazia macho, nilielewa kwamba mwanamke yule anaogopa, na kwamba swali lake ni njia ya kukimbia bila kuondoka. Hakuna mwongozo ulioniambia hivyo. Ndiyo siku niliyoanza kuipenda fasihi.

Wiki ya onyesho letu ilipofika, tuliarifiwa kwamba ukumbi umetengewa kundi la waigizaji wa kukodiwa, shilingi 300 kila mwanafunzi, na kwamba letu halina haja tena. Waliokosa pesa waliachwa nje, wakachungulia madirishani hadi mwalimu wa zamu alipowafukuza. Kundi lilikimbiza tamthilia nzima kwa muda usiofika saa moja. Walikata onyesho la pili lote, wakamfanya yule mke kuwa mtu wa kuchekesha, na wakaongeza matanga ambayo hayamo kitabuni hata kwa kudokezwa. Katika mtihani uliofuata, wanafunzi wengi wa darasa letu waliandika kuhusu matanga hayo. Walipata sifuri, na pembeni kwa wino mwekundu waliandikiwa: "Haya umeyatoa wapi?" Waliyatoa ukumbini, Mwalimu, mahali ulipowapeleka kwa pesa zao.

Mtaniambia kwamba mtaala mpya utayaondoa haya, kwa sababu sisi tumo katika safari ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, na KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023. Sioni dalili. Mdogo wangu alipoagizwa shuleni atengeneze sanamu ya kufukuzia ndege, sanamu hiyo ilishonwa na mama usiku wa manane kwa taa ya simu, mtoto akiwa amelala, na ilipata sifa kubwa. Katika mpangilio wa KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya 9 katika mtaala huo mpya, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Ikiwa mradi unaweza kununuliwa, basi asilimia hizo pia zina bei, na mtoto wa muuza omena ataendelea kuzilipia.

Hata Aprili 2025, tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza lilipofanyika Nakuru, watu wazima walibishana mahakamani na barabarani kuhusu mchezo wa wasichana wa shule ya upili ya Butere, na gesi ya machozi ikarushwa. Wasichana wale walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Niliwafikiria walivyokesha wakikariri maneno yao, kwa maana nami nimewahi kukesha hivyo.

Walimu mliomo humu, naomba mtujibu bila kutufokea. Ni nani aliyeamua kwamba sisi hatuwezi? Kompyuta 9 kwa wanafunzi 41 ni chache, lakini zinatosha zamu, na mwarobaini hautozi kiingilio.

Mradi wangu bado ninautengeneza mwenyewe. Majedwali yote matatu yanafanya kazi na fomu zinafunguka, lakini ripoti ya mwisho inahesabu baadhi ya rekodi mara mbili, na sijajua kosa liko wapi. Mwalimu amenionya kwamba nikiuwasilisha hivyo nitapata alama za chini kuliko walionunua. Nimemjibu kwa heshima kwamba nitauwasilisha. Kwa hiyo, ikiwa kuna mwanajamvi anayezifahamu kazi hizi, naomba anielekeze pa kuanza kulitafuta kosa hilo. Asinirekebishie. Anionyeshe tu pa kutazama.